Niliwakabidhi mzima: kisa cha mbwa aliyevunjika mguu na mwenyewe aliyesimama mahakamani bila wakili

“Ulimnunua kwa bei gani?” wakili aliuliza.

“Sikumnunua. Nilimwokota,” dada yangu akajibu.

“Kwa hiyo ni mbwa koko.”

“Ni mbwa wangu.”

Wakili alimgeukia hakimu, akasema hana swali jingine kuhusu thamani, akaketi. Kwa maneno hayo machache alikuwa ameshaweka utetezi wake mezani: mbwa koko hana bei sokoni, asiye na bei hakuna aliyepata hasara kwa kuumia kwake, na pasipo hasara hakuna fidia. Nilimtazama dada. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Lakini swali hilo tulikuwa tumelingoja kwa miezi tisa.

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa yake. Nimeona wenye wanyama wengi wakiingia mahakamani peke yao wakiwa wamejiandaa kwa swali ambalo hakuna atakayewauliza. Wamejiandaa kueleza walivyoumia moyoni. Maumivu hayo ni ya kweli na siyadharau hata kidogo; nililala sakafuni na mbwa huyu usiku mbili baada ya upasuaji. Ila mahakama huuliza mambo mengine: mnyama alikuwa mikononi mwa nani, nini kilimpata, na fedha iliyotumika kumponya ilikuwa ya lazima kiasi gani.

Siku nne

Shaba ni mbwa jike wa rangi ya kahawia iliyoiva, wakati huo akiwa na miaka sita. Dada alikuwa anasafiri kwa siku nne, akampeleka kwenye kituo cha kutunzia mbwa asubuhi ya Alhamisi. Alipewa fomu ya ukurasa mmoja aijaze: jina la mbwa, chakula, chanjo, simu ya dharura. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na sentensi isemayo kuwa kituo hakitawajibika kwa madhara yoyote yatakayompata mnyama. Akatia sahihi, kama ambavyo karibu kila mtu hutia.

Jumatatu alasiri alirudi kumchukua akiwa na mwanawe. Mhudumu alimtoa Shaba akiwa amembeba mikononi, akasema amechoka kwa kucheza. Mtoto akapiga picha moja langoni. Mhudumu huyo huyo akamlaza Shaba kwenye kiti cha nyuma cha gari. Walipofika nyumbani Shaba hakushuka. Dada alipomwinua, mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa unaning’inia, na paja limevimba hadi ngozi inang’aa.

Alipiga simu kituoni. Wakamwambia mbwa aliondoka mzima. Ndipo dada, ambaye hapendi ugomvi na mtu, akawaandikia ujumbe ambao ulikaribia kuiangusha kesi yote: “Labda alijigonga wakati wa kupanda gari. Msijali, nitawajulisha daktari atakachosema.” Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Nusu saa baadaye alikuwa kwa daktari wa mifugo, na picha ya eksirei ikaonyesha mfupa wa paja umekatika katikati, vipande viwili vimepandana kama vidole vilivyokunjwa.

Jumatano Shaba alifanyiwa upasuaji, akawekewa bamba la chuma na skrubu saba.

Kwa nini bila wakili

Wakili wa kwanza tuliyemwona alikuwa mwungwana. Alisikiliza, akafanya hesabu mbele yetu, akasema ada yake pekee ingekula zaidi ya nusu ya kinachodaiwa. Wa pili alisema hivyo hivyo kwa maneno makali zaidi. Hapo ndipo penye ugumu wa kesi za wanyama wa nyumbani karibu kila mahali: gharama ya matibabu ni kubwa kwa anayelipa lakini ni ndogo kwa wakili. Mahakama za madai madogo zimeundwa kwa ajili ya pengo hilo. Kenya ilitunga sheria ya mahakama hizo mwaka 2016. Katika jimbo la California, kwa kawaida mawakili hawaruhusiwi kabisa kuwasemea wadaawa kwenye kesi za namna hiyo, na kila mtu husimama mwenyewe. Mahakama iliyosikiliza kesi ya dada haikuwa na katazo hilo, kwa hiyo yeye alisimama peke yake na kituo kikaja na wakili.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kando yake. Uingereza desturi hii imetambuliwa tangu kesi ya McKenzie ya mwaka 1970: mtu asiye na wakili anaweza kuketi na mwenzake anayeandika, anayempa karatasi inayotakiwa na kumnong’oneza, bila kuihutubia mahakama. Tuliomba ruhusa kwa barua kabla ya siku ya kusikilizwa, tukapewa. Ukiweza kumpata mtu wa namna hiyo, mpate. Si lazima ajue sheria. Anatakiwa awe mtulivu na ajue kila karatasi iko wapi.

Hati ya madai

Rasimu ya kwanza ya dada ilikuwa na kurasa saba. Ilianza na siku alipomkuta Shaba amelowa chini ya daraja, ikaeleza alivyolia njiani, ikawaita watu wa kituo wakatili. Niliisoma usiku na kila neno lilikuwa la kweli. Asubuhi tukaanza upya.

Hati iliyowasilishwa ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, aya zenye namba, kila aya na jambo moja. Nilimkabidhi mdaiwa mbwa wangu tarehe fulani akiwa mzima. Mdaiwa alipokea malipo ili amtunze. Alinirudishia tarehe fulani akiwa amevunjika mguu. Hajaeleza ilikuwaje. Nimetumia kiasi hiki kumtibu. Naomba nirudishiwe.

Angalia jambo ambalo hati hiyo haikusema. Haikudai kwamba mhudumu fulani alimpiga Shaba, wala kwamba alianguka kutoka sehemu fulani. Hatukujua, na ungelidai usichokijua ungejitwisha mzigo wa kukithibitisha. Badala yake tuliisimamisha kesi juu ya amana, yaani mali ambayo mtu amekabidhiwa aitunze.

Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, tangu hukumu ya Coggs dhidi ya Bernard mwaka 1703, aliyepokea mali ya mtu ana wajibu wa kuitunza, na wajibu wa anayelipwa kwa kazi hiyo ni mzito kuliko wa anayesaidia bure. Mwenye mali akishaonyesha kuwa aliitoa ikiwa nzima na kuipokea ikiwa imeharibika, mzigo humhamia mtunzaji: yeye ndiye aseme kilichotokea, au aonyeshe kuwa hata kama hajui, alikuwa makini kadiri ilivyopasa. Msingi wake ni wa haki tupu. Mwenye mbwa hakuwepo usiku ule. Aliyekuwepo ni mtunzaji, na mbwa hawezi kutoa ushahidi.

Kwa mtu asiye na wakili, hili ndilo lililoifanya kesi ibebeke. Kuthibitisha uzembe wa moja kwa moja kungehitaji kumbukumbu za kituo, mashahidi wa ndani na mtaalamu wa utunzaji wa mbwa. Kuthibitisha “alikuwa mzima, karudi amevunjika” kulihitaji karatasi na picha ambazo tayari tulikuwa nazo.

Karibu tujikwae kwenye jina la mdaiwa. Ubao wa kituo ulikuwa na jina la biashara, na dada akaliandika hilo. Karani wa mahakama alimuuliza kama hiyo ni kampuni au ni jina tu, akamwelekeza kwenye daftari la usajili. Mmiliki alikuwa mtu binafsi anayefanya biashara kwa jina hilo. Hukumu dhidi ya jina lisilo la mtu wala la kampuni inaweza kukosa wa kuilipa. Namshukuru karani yule mpaka leo, na dada naye. Karani haruhusiwi kukushauri ushinde vipi, lakini ukiuliza kwa adabu kuhusu utaratibu, wengi hueleza kwa moyo wote.

Kuhusu ukomo wa muda wa kudai, tulikuwa ndani ya muda. Iangalie tarehe hiyo siku ya kwanza, maana haisamehe.

Tulichokipoteza

Kituo kilikuwa na kamera. Dada alipokiandikia barua ya kuomba picha zihifadhiwe, siku kumi na mbili zilikuwa zimepita tangu Jumatatu ile, na jibu likaja kuwa mfumo hujifuta kila baada ya siku saba. Sina sababu ya kusema walidanganya. Mifumo mingi hufanya hivyo. Barua ile ilitakiwa kwenda usiku ule ule, hata kabla ya kujua kama mguu umevunjika au umeteguka. Ilikuwa ni mistari mitatu tu: mbwa wangu amerudi na jeraha, naomba mhifadhi picha zote za kamera na kumbukumbu zote za kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu, naomba mnithibitishie kwa maandishi. Kati ya makosa yetu yote, hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu picha hizo pengine zingemaliza mambo kwa wiki moja.

Daktari

Madaktari wa mifugo hawapendi kwenda mahakamani, nao wana sababu. Siku moja ya kusubiri kwenye korido ni siku ya wagonjwa waliorudishwa nyumbani. Daktari wa Shaba alisema angeandika barua, si zaidi ya hapo. Barua ya kwanza ilikuwa na sentensi mbili: mbwa alivunjika paja la kushoto, alifanyiwa upasuaji. Haikusaidia chochote kuhusu lini wala kwa nini.

Dada akarudi na maswali manne aliyoyaandika kwenye karatasi, na hapo nilimwona akianza kuwa mdaawa kwelikweli. Je, mvunjiko ulikuwa mpya? Unajuaje? Je, mbwa mzima anaweza kuvunjika hivi kwa kuruka kwenye gari? Je, palikuwa na tiba ya bei nafuu zaidi, na kama ndiyo, kwa nini hukuipendekeza?

Majibu ndiyo yaliyobeba kesi. Daktari alieleza kuwa mfupa ukivunjika, mwili huanza kuotesha mfupa mpya kuzunguka mahali palipovunjika, na kwa mbwa mkubwa uvimbe huo wa mfupa huchukua kama wiki mbili kuanza kuonekana kwenye eksirei. Picha ya Shaba haikuwa nao hata chembe, na kingo za mfupa zilikuwa kali. Kwa hiyo hakuingia kituoni na mvunjiko wa zamani. Upande wa pili, damu iliyovilia chini ya ngozi ilikuwa imeshashuka kutoka pajani hadi chini ya goti, jambo ambalo, kwa maelezo yake, halitokei ndani ya saa mbili. Kwa hiyo hakuvunjika njiani kurudi. Akaongeza kuwa paja la mbwa mzima huvunjika kwa nguvu kubwa, mara nyingi kugongwa na gari au kuanguka kutoka juu.

Kisha aliandika sentensi ambayo mimi nilitaka iondolewe: “Siwezi kutaja saa wala siku.” Dada akakataa iondolewe. Alisema kama daktari hajui, hajui. Alikuwa sahihi kuliko mimi. Mbele ya hakimu, sentensi hiyo ndiyo iliyofanya nyingine zote ziaminike.

Tuliomba wito wa shahidi na daktari akaja, dakika arobaini kwa jumla. Dada alimpigia simu kabla, akamwambia wito utakuja na kwa nini, ili karatasi ya mahakama isimfikie kama shambulio. Shahidi aliyeletwa kwa nguvu akiwa amekasirika anaweza kukuumiza kuliko asiyekuja.

Siku ya kusikilizwa

Wakili alianza na ujumbe. Aliusoma polepole, mara mbili. “Labda alijigonga wakati wa kupanda gari.” Akamuuliza dada kama ni maneno yake. Ni yangu, akasema. Akamuuliza kama aliyaandika siku ile ile, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Ndiyo.

Hapa mtu asiye na wakili hushikwa na hamu ya kujieleza papo hapo, na kila sentensi inayoongezwa humpa mwulizaji uzi mwingine wa kuvuta. Tulikuwa tumekubaliana: maswali ya dodoso, yaani yanayoulizwa na upande wa pili, yanajibiwa kwa ufupi na kwa ukweli, na maelezo yanangoja zamu yake. Dada alijibu ndiyo, akanyamaza. Nilimwona akimeza mate.

Zamu yake ya kumhoji mhudumu ilianza vibaya. Badala ya kuuliza, alikuwa anasimulia: “Wewe unajua kabisa kwamba mbwa wangu alikuwa mzima, na mimi niliwaamini, na mlipomtoa...” Hakimu akamkatiza, bila ukali: “Mama, uliza swali.” Akaanza tena, akasimulia tena. Hakimu akarudia. Nikasogeza daftari mbele yake. Nilikuwa nimeandika maneno matatu: NANI ALIMPANDISHA GARINI.

“Nani alimpandisha Shaba kwenye gari?”

“Mimi.”

“Ulimpandishaje?”

“Nilimlaza kwenye kiti.”

“Aliruka?”

“Hapana. Nilimbeba.”

“Kutoka wapi?”

“Kutoka ndani.”

Kisha akatoa picha ya mtoto. Ndani yake mhudumu amesimama langoni na Shaba mikononi, miguu mitatu imekunjwa kifuani pake na wa nne, wa nyuma kushoto, umening’inia wima kama kamba. Saa iliyo ndani ya faili: saa kumi na dakika ishirini alasiri, kabla gari halijafunguliwa mlango. Picha hiyo ilikaa kwenye simu ya mtoto miezi mitano bila yeyote kukumbuka kuwa ipo. Tulipoipata hatukuituma kwa programu ya ujumbe, kwa sababu programu hizo mara nyingi huibana picha na kufuta taarifa za saa na tarehe zilizomo. Simu yenyewe ilikwenda mahakamani, pamoja na nakala iliyochapwa.

Wakili aliomba kuitazama. Aliitazama muda mrefu.

Swali la mwisho la dada tulilifanyia mazoezi wiki nzima. “Usiku wa Jumamosi, nani alikuwa na mbwa?” Mhudumu alisema mbwa hulishwa saa moja jioni na kufunguliwa saa moja asubuhi. Katikati? Kuna mlinzi langoni. Mlinzi anaingia kwenye vibanda? Hapana. Kuna daftari la kuandika hali ya kila mbwa kila siku? Hakuna. Dada akaketi. Hakuongeza neno, na nadhani hicho ndicho kitendo kigumu kuliko vyote alivyofanya siku ile.

Bei na matibabu

Turudi kwenye mbwa koko. Hoja ya wakili ina mizizi mirefu, na anayeingia mahakamani bila kuijua anaweza kuondoka na fidia ya kununulia mkufu wa mbwa. Katika nchi nyingi mnyama ni mali, na mali ikiharibika kanuni ya kawaida ni kulipa gharama ya kuitengeneza au thamani yake sokoni, iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Gari kuukuu ambalo ukarabati wake unazidi bei yake hulipwa bei yake. Wakili alitaka Shaba ahesabiwe kama gari hilo.

Sheria na hukumu za miongo ya karibuni zimeanza kuiacha njia hiyo panapohusika kiumbe chenye uhai. Austria iliandika mwaka 1988 kwamba wanyama si vitu, na kwamba mnyama akijeruhiwa gharama halisi za kumponya hulipwa hata zikizidi thamani yake, ilimradi mwenye mnyama mwenye busara katika hali hiyo naye angezitumia. Ujerumani ikafuata mwaka 1990: gharama za matibabu hazihesabiwi kuwa zimepita kiasi kwa sababu tu zimeizidi sana thamani ya mnyama. Uswisi ilipobadili sheria zake mwaka 2003 ilikwenda mbali zaidi, ikamruhusu hakimu kuzingatia pia thamani ya kihisia ambayo mnyama wa nyumbani anayo kwa mtunzaji wake.

Kesi tuliyoiegemea zaidi ni ya mahakama ya rufaa ya California ya mwaka 2011. Paka aliyeokotwa alipigwa risasi ya bunduki ya hewa akiwa juu ya uzio, akapooza sehemu ya mwili. Mwenyewe alitumia dola 6,000 kwa upasuaji wa dharura na dola 30,000 nyingine kumtunza baadaye. Mahakama ya chini ilikataa ushahidi wa gharama hizo, kwa hoja ile ile: paka hana bei. Mahakama ya rufaa ikasema mwenye mnyama ana haki ya kuthibitisha gharama zilizokuwa za busara na za lazima kwa ajili ya jeraha lile, na mdaiwa ana haki ya kubisha kuwa hazikuwa za busara. Hukumu ya nchi nyingine haiwafungi mahakimu wa kwenu. Lakini hakimu anayetafuta njia hupenda kujua kuwa wengine wameipita.

Basi swali likawa busara. Wakili alikuwa na jibu tayari: mguu ungekatwa kwa takribani nusu ya gharama, na mbwa wengi huishi vizuri kwa miguu mitatu. Ni kweli, huishi vizuri. Lakini kwenye faili la Shaba, siku mbili kabla ya upasuaji, daktari alikuwa ameandika njia tatu na bei zake: bamba, kukata, kumlaza kabisa, yaani kumuua bila maumivu. Pembeni mwa “kukata” aliandika kuwa goti la kulia tayari lina baridi yabisi na halitaweza kubeba uzito wote wa nyuma. Maandishi hayo yaliandikwa kabla ya mtu yeyote kuwaza kesi, ndiyo maana yalikuwa na nguvu. Ukiwa kwenye chumba cha daktari na mnyama anatetemeka, omba njia zote ziandikwe, na sababu ya ile uliyochagua.

Kuhusu maumivu ya moyo, mimi na dada tuligombana. Alitaka yaingie kwenye madai. Nilimwonyesha kuwa hata mahali penye mijadala mingi ya haki za wanyama mlango huu umefunguliwa kidogo mno: Mahakama ya Juu ya Texas iliufunga mwaka 2013 kwenye kesi ya mbwa aliyeuawa kimakosa, na sheria ya Tennessee ya mwaka 2000 inayouruhusu inahusu mnyama aliyekufa na ina kikomo. Nilihofia pia kwamba dai hilo lingempa wakili nafasi ya kumchora kama mtu aliyepagawa. Alikubali kuliondoa, akalia. Sina uhakika nilimtendea haki kama mtu. Kama kesi, naamini tulifanya sawa.

Kabla ya kusikilizwa walikuwa wameleta pendekezo: nusu ya gharama, na asiseme popote. Nilimshauri achukue. Picha ya langoni ilikuwa haijapatikana, na ujumbe ule ulikuwa unaninyima usingizi. Alikataa. Alishinda, lakini mtu mwingine mwenye ushahidi tuliokuwa nao siku ile ningemshauri vile vile.

Hukumu

Ilisomwa baada ya wiki tatu. Hakimu alisema mdai ameonyesha, kwa mizania ya uwezekano, yaani kwamba jambo lina uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa, kuwa mbwa alikabidhiwa mzima na kurudishwa amevunjika, na mdaiwa hakutoa maelezo wala kumbukumbu za kuonyesha umakini wake. Ujumbe wa jioni ulikuwa dhana ya mtu ambaye hakuwepo mguu ulipovunjika, na mhudumu mwenyewe aliukanusha. Kifungu cha herufi ndogo kilisomwa kwa kumbana aliyekiandika: hakikutaja uzembe, na mdai hakuelezwa uwepo wake. Hilo linafanana na mwelekeo wa sehemu nyingi. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni dhidi ya masharti kandamizi kwa walaji tangu 1993, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 haimruhusu mfanyabiashara kujivua wajibu wa kufanya kazi yake kwa uangalifu.

Dada alipewa gharama za upasuaji, eksirei, dawa, safari mbili za kuangaliwa na ada ya kufungua kesi. Alinyimwa siku zake za kazi, kilima cha mbao cha kumpandishia Shaba kitandani, na mazoezi ya viungo, kwa sababu hakukuwa na barua ya daktari iliyoyaagiza. Mazoezi hayo yalikuwa ya lazima, daktari aliyasema kwa mdomo. Hayakuandikwa, hayakulipwa.

Mdaiwa aliomba kulipa kwa awamu tatu. Ya kwanza ilikuja kwa wakati, ya pili ikachelewa wiki moja, ya tatu haikuja. Hukumu hailipi deni yenyewe. Aliyeshinda ndiye anayerudi kuomba ikaziwe, yaani itekelezwe kwa nguvu ya mahakama. Nilijiandaa dada anipigie simu tukae tena mezani na makaratasi.

Hakupiga. Nilipomtembelea mwezi uliofuata nilikuta nakala ya maombi ya kukazia hukumu juu ya friji, aya zenye namba, kila aya na jambo moja, na muhuri wa mahakama pembeni. Ameshalipwa, alisema, Jumanne. Shaba alikuwa amelala kwenye mkeka, kwa ubavu wa kushoto, juu ya ule mguu wenye bamba.